Mistari Minane, Safu Nane

Siku mliponiaga kwa soda na sambusa, vijana wa ofisi ya takwimu mliniomba niwaandikie jinsi tulivyofanya kazi zamani. Nadhani mlitaka kusoma tulivyohesabu kabla ya kompyuta, mcheke kidogo. Hayo yatakuwemo. Vyeo na mishahara naviruka. Vyeo nilipata viwili tu, na mshahara mnaujua kwa kuwa ndio mnaolipwa hadi leo. Ninachotaka hasa kuwaachia ni hesabu moja niliyoikosea, na nilivyokaa nayo kimya.

Nilianza kazi kituoni katikati ya miaka ya themanini, nikiwa na cheti cha kidato cha nne na mwandiko mzuri. Kituo kilikuwa kidogo, upande wa Hai, mwendo wa saa nzima wa kupanda kwa miguu kutoka barabara kuu ya Bomang'ombe. Kazi yake ilikuwa moja: kutafuta miche ya kahawa inayostahimili chulebuni, ule ugonjwa unaoozesha buni zikiwa bado kijani mtini. Nilikuwa nimepanga chumba Majengo, na asubuhi ile ya kwanza nilifika na viatu vya ngozi nilivyovipiga rangi usiku uliotangulia.

Aliyenipokea ni Thadei, mhudumu wa shamba, mwenyeji wa kijiji kile, aliyenizidi miaka kama kumi na mitano. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia, akatazama viatu vyangu, akauliza kama nimekuja kuposa. Kesho yake nilikuja na mabuti.

Hakunipeleka ofisini. Alinipeleka shambani, akanishikisha tawi la kahawa, akaniambia nihesabu buni mia moja na kumwambia ngapi zinaumwa. Nikahesabu, nikasema thelathini na moja. Akalishika tawi lile lile, akahesabu upya kwa kidole gumba, akapata kumi na tisa. Zile kumi na mbili nilizozidisha zilikuwa na vidoa vya kahawia hafifu, vikavu, visivyobonyea.

"Hilo ni kovu," alisema. "Mti umepigana na ugonjwa ukashinda. Mgonjwa ni huyu mwenye baka jeusi lililozama. Ukimhesabu mshindi pamoja na mgonjwa, bwana karani, utatufukuzia miti mizuri."

Kwa miaka mingi tulifanya kazi hivyo, yeye akihesabu na mimi nikiandika. Tuliandika kwa penseli kwa sababu mvua huosha wino. Ofisini nilikuwa na daftari kubwa la jalada gumu na mashine ya kujumlisha yenye mkono wa kuvuta, iliyokuwa ikikwama kila ilipofika saba. Hesabu za msimu mmoja zilinichukua wiki mbili, na wiki ya tatu ilikuwa ya kutafuta nilipokosea. Katika daftari lile familia za miche nilizipanga kwa mistari, familia moja mstari mmoja, nikajumlisha kwenda kulia. Mkono wangu ulizoea hivyo, na kwa muda mrefu mazoea hayo hayakumdhuru mtu.

Jaribio ninalolisimulia lilipandwa mwanzoni mwa miaka ya tisini. Tulikuwa na familia nane. Familia ni miche yote iliyotokana na mti mama mmoja. Saba zilitoka kwenye vituo vikubwa, zikiwa na namba na barua za kuzisindikiza. Ya nane ilitoka kwa Thadei. Katika kihamba chake, shamba la nyumbani la migomba na kahawa alilorithi kwa baba yake, kulikuwa na mti mmoja ambao hakuwahi kuupulizia dawa, na ambao hakuwahi kuuona ukiugua. Alimwomba mkuu wa kituo kwa misimu miwili hadi ukakubaliwa kuingia kwenye jaribio. Nadhani mkuu alikubali ili apumzike.

Shamba la jaribio liligawanywa mikanda minane ya ardhi, kuanzia juu mlimani hadi chini kwenye mfongo, ule mfereji wa maji tulioachiwa na babu zetu. Kila familia ilipandwa katika kila mkanda, ili isiwepo itakayopendelewa na ardhi. Familia nane, mikanda minane. Ilionekana nadhifu kwenye karatasi, na sote tulipenda unadhifu huo.

Kahawa ilipoanza kuzaa ndipo kompyuta ilipokuja, pamoja na mtakwimu wake, Kokugonza, Mhaya wa Bukoba, mdogo wangu kwa miaka kumi hivi. Waliwekwa wote wawili katika chumba kilichokuwa stoo ya mabomba ya kupulizia, na hadi kompyuta ile inakufa ilinuka dawa ya kopa. Yeye aliniita kaka Aloyce. Mimi nilimwita madam, na si kila siku ilikuwa kwa heshima. Sikufurahi kufundishwa kuhesabu na binti ambaye nilimaliza shule yeye akiwa anajifunza kusoma.

Lugha ya kompyuta aliyonifundisha ilikuwa ya kushughulikia makundi ya namba kwa mkupuo. Haikuwa na maneno mengi, ilikuwa na alama. Kujumlisha orodha nzima kulikuwa alama ya kujumlisha ikifuatwa na mstari wa mshazari, basi. Kazi ya wiki mbili ikawa alama mbili. Tena ilitekelezwa kutoka kulia kwenda kushoto. Nilipomsimulia mwenye nyumba wangu kule Majengo, mzee aliyefundisha madrasa, alisema anamshukuru Mungu kwamba hatimaye Wakristo tumejifunza kusoma.

Kokugonza alianza na karatasi. Akaandika namba moja peke yake: hiyo ina ngazi sifuri, haina mwelekeo wowote. Namba nane katika mstari zina ngazi ya kwanza, mwelekeo mmoja. Mistari minane chini kwa chini ni ukurasa, ngazi ya pili. Kisha akachukua kurasa tatu, moja kwa kila msimu wa mavuno tuliokusudia kuupima, akazishika pamoja kama daftari: ngazi ya tatu. Ukiiuliza mashine umbo la daftari hilo, inakujibu kwa namba tatu tu: 3 8 8. Kurasa tatu, mistari minane, safu nane.

Hadi hapo nilielewa. Kilichonisumbua ni seli. Alisema daftari lile lile unaweza kulikata kwa namna mbalimbali, na kila kipande kinachotoka ndiyo seli. Ukilikata kwa ngazi ya pili, seli zako ni kurasa, unazo tatu. Ukilikata kwa ngazi ya kwanza, seli ni mistari, ishirini na nne. Ukilikata kwa ngazi sifuri, seli ni namba moja moja, mia moja tisini na mbili. Namba hazijabadilika, kilichobadilika ni kisu. Na alama ya kujumlisha hufanya kazi ndani ya kila seli kana kwamba nyingine hazipo. Ipe ukurasa, itarundika mistari yake na kukupa jumla ya kila safu. Ipe mstari, itakupa jumla ya mstari huo tu. Usipoitajia ngazi, italichukua daftari zima na kurundika kurasa.

Nilikaa na jambo hilo siku kadhaa, nikajibu "ndiyo madam" mara nyingi bila kuelewa. Siku moja sokoni nikamtazama mama akiuza ndizi. Mkungu una vichana, kichana kina ndizi. Ukimwambia mtu akupe ya kwanza, lazima ajue ya kwanza ya nini: kichana cha kwanza cha mkungu, au ndizi ya kwanza ya kila kichana. Neno ni lile lile, mkungu ni ule ule, lakini mmoja ataondoka na kichana na mwingine na ndizi moja moja. Nilimweleza Kokugonza, naye akacheka, akaiandika kwenye daftari lake. Tangu siku hiyo nilijiona nimehitimu.

Aliniachia kanuni moja. Kila utakapoandika hesabu mpya, alisema, ijaribu kwanza kwenye jedwali dogo lenye pande zisizolingana, mistari miwili kwa safu tatu, ambalo jibu lake unalijua kichwani. "Pande zikilingana, kaka Aloyce, mashine haina njia ya kukuonya. Itakupa namba nane ulizozitaka, na hutajua ni nane zipi." Niliona ni mchezo wa watoto wa darasa la tatu. Kabla msimu wa tatu haujaisha alihamishiwa Dar es Salaam, nikabaki na mashine peke yangu.

Sasa sikilizeni vizuri. Kurasa za jaribio lile alizipanga yeye kufuata miguu ya Thadei. Thadei alikagua mkanda hadi mkanda, akitoka familia ya kwanza hadi ya nane, kwa hiyo kila mstari wa ukurasa ulikuwa mkanda mmoja wa ardhi na kila safu ilikuwa familia. Nilitakiwa kuipa mashine ukurasa, ngazi ya pili, inirudishie jumla za safu. Mkono wangu wa daftari la zamani ukaandika ngazi ya kwanza. Mashine ikajumlisha mistari. Namba nane zikatoka kwa kila msimu, nikachukua wastani wa misimu mitatu, nikazibandika majina ya familia nane. Hakuna kilicholalamika. Nilichapisha kabla ya chai ya saa nne.

Namba zile zilipanda kwa utaratibu, familia ya kwanza ikiwa safi kuliko zote, ya pili ikifuata, hivyo hivyo hadi ya nane iliyokuwa mgonjwa kupindukia. Niliona matokeo mazuri ajabu. Mtu mwenye busara angejiuliza kwa nini ugonjwa ufuate namba tulizozipa familia kwa kubahatisha. Mimi nilizipigia mstari kwa rula.

Mkuu wa kituo alituita sote barazani akasoma. Thadei alisikiliza mpaka mwisho, akaomba kuona karatasi, ingawa kompyuta hakuijua. Akasema kwa upole kwamba buni zile alizihesabu yeye kwa kidole chake, na familia ya nane ilikuwa na makovu tu. Akasema kinachougua ni mkanda wa chini, kule kwenye mfongo ukungu unakolala hadi saa tano, na kila mti ulioko kule unaugua isipokuwa wa kwake.

Alikuwa ananisomea hesabu yangu. Kila nilichokuwa nimekijumlisha alikitaja kwa jina lake halisi. Nami, mbele ya mkuu na wahudumu wenzake, nilimjibu hivi: "Kompyuta haina kihamba, Mzee. Haimpendelei mtu."

Watu walicheka. Thadei aliikunja karatasi kwanza, ndipo akanirudishia.

Familia ya nane ikaamriwa ing'olewe na kuchomwa. Aliyeing'oa ni Thadei mwenyewe, kwa kuwa ndiyo kazi aliyoajiriwa. Ilimchukua siku nne. Mwisho wa mwezi akaomba kupumzishwa kazi. Nilisikia kwamba kwenye pombe ya mbege walimwita Baba Chulebuni, yule aliyetaka wenzake wapande ugonjwa kwa sababu ni wa nyumbani kwake. Wakati ule watu wengi waliichoka kahawa, bei ikipanda na kushuka tangu wanunuzi binafsi waingie, wakapanda mahindi na nyanya. Wanawe walimsihi naye afanye hivyo. Alikubali kila mahali isipokuwa pale uliposimama mti wa baba yake. Alikuwa na hakika kwamba iko siku mtu atakuja kuuulizia.

Miaka mitatu baadaye tulikuwa na jaribio jipya, lenye familia kumi katika mikanda ile ile minane. Niliita hesabu yangu ya zamani. Zikatoka namba nane. Nilipoiambia mashine iziambatanishe na majina kumi, ikakataa, urefu haulingani. Nilidhani imeharibika. Niliizima, nikaiwasha, nikapata nane tena. Ndipo nilipotengeneza, kwa mara ya kwanza, lile jedwali la mistari miwili na safu tatu. Ilinichukua dakika tano kujua nilichokuwa nimefanya.

Nikafungua disketi ya zamani, nikaandika mbili palipokuwa na moja. Familia ya nane ilikuwa safi kuliko zote, msimu wa kwanza, wa pili na wa tatu. Haikukaribiwa na nyingine.

Hiyo ilikuwa Kwaresima. Kituoni hapakuwa na hata mche mmoja wa familia ile, tulikuwa tumechoma yote. Ulibaki mti mama, kule kwa Thadei, na nilijua kwamba upo. Kupanda hadi kwake kutoka ofisini ni robo saa. Nilichapisha matokeo, nikayaweka kwenye saraka ya meza, nikajiambia nitayahakiki tena. Nikayahakiki. Kisha nikajiambia nimsubiri mkuu arudi likizo. Alirudi, nikaona ana shughuli. Kisha nikasema tuipishe Pasaka, si vizuri kumharibia mtu sikukuu. Kila sababu ilikuwa na adabu yake. Ukweli ni kwamba ripoti ya kwanza ilikuwa na jina langu, na sentensi ile ya barazani bado watu waliirudia na kucheka, wakinisifu.

Wiki mbili baada ya Pasaka nilimweleza mkuu. Alisema tuandike masahihisho na nikachukue vikonyo vya kupandikiza kwenye mti wa Thadei mara moja. Jumamosi nilipita kwanza nyumbani kwetu Kibosho, nikakata jani la isale kwenye mpaka wa kihamba cha baba, nikalifunga fundo. Kwetu mtu aliyekosa hutanguliza jani hilo, na aliyekosewa akiletewa hawezi kumfukuza aliyelileta. Sikuwa na uhakika kwamba ningeruhusiwa kuingia bila hilo.

Nilimkuta uani akichambua maharage. Nilimwamkia, akaitikia, akanipa kigoda. Nikalitoa jani, nikamweleza yote, mistari na safu na mikanda. Nilidhani itabidi nieleze mara mbili. Alielewa mara moja, kwa sababu ndiyo maneno aliyotuambia barazani.

"Kwa hiyo ulihesabu ukungu," alisema.

Nikasema ndiyo, nilihesabu ukungu nikauita mti wako. Nikamwambia tunaomba vikonyo. Aliinuka, nikamfuata nyuma ya migomba. Pale uliposimama mti wa baba yake palikuwa na miche ya nyanya, mibichi, imeshikishwa kwenye vijiti. Alisema aliung'oa na mizizi yake, na shina walikuwa wamekwisha kulipikia. Alichoka kusubiri. Wanawe walikuwa na haki ya kula.

Kisha akauliza swali ambalo nilikuwa nikiliogopa njia nzima. "Uligundua lini?"

Ningeweza kusema jana. Asingekuwa na njia ya kujua. Nikamwambia Kwaresima, wiki ya pili.

"Mimi nimeung'oa Jumatano ya baada ya Pasaka," alisema.

Nilikuwa nimezoea kuzijumlisha namba, na hizo mbili sikuweza kuzifanyia lolote. Hesabu ya kukosea ngazi mtu anaweza kuisamehe, ndiyo maana tunafuta kwa raba. Lakini zile wiki sita nilikuwa na jibu sahihi ndani ya saraka, na mti ulikuwa umesimama robo saa kutoka kwenye meza yangu. Vijana, mtakosea ngazi kama mimi. Jaribuni kwenye pande zisizolingana, mtagundua mapema. Mkishagundua, inukeni siku hiyo hiyo kabla hamjapata sababu yenye adabu.

Masahihisho tuliyabandika kwenye ubao wa matangazo, nusu ukurasa, na mkuu aliyasoma mbele ya wakulima baada ya misa ili lile jina la Baba Chulebuni life. Likafa kweli. Familia ya nane haikurudi.

Lakini siku ile, pale kwenye nyanya, Thadei alilipokea isale langu kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, akaligeuza geuza.

"Hili nimelipokea," alisema. "Ni la kosa la kwanza. La pili, Aloyce, kaniletee lingine."

Niliteremka. Jumapili iliyofuata, baada ya misa, nilipanda tena na jani la pili. Alikuwa shambani. Alilipokea, akalichomeka kwenye ukanda wa suruali, akanipa jembe na kunionyesha pa kuanzia. Tulipalilia nyanya hadi saa nane mchana.